Punda Naye Hukenua Meno

Juzi jioni nilikuwa nageuza viazi karai vyangu, pale Kawangware karibu na steji ya matatu za 46, msichana mmoja wa gredi ya sita akanisogezea simu hadi puani. "Babu, ona huyu samaki anavyocheka!"

Mamake anafanya kazi Dubai. Siku yake ya mapumziko alikwenda kutazama pomboo wakirukishwa kwenye ringi, akamtumia binti yake video. Wenzake watano walikuwa wamejazana nyuma yake, na mafuta yangu yanatokota, basi nikawasogeza kando kwanza.

Mimi ni mzaliwa wa Shimoni, kule kusini ya Pwani, panapotazamana na kisiwa cha Wasini. Pomboo niliwajua kabla sijaijua matatu. Nikawaambia: huyo si samaki. Anavuta pumzi kama nyinyi, kwa tundu lililo utosini, na mtoto wake ananyonya. Halafu hacheki.

"Na meno je? Si yako nje!" akabisha mvulana mdogo.

Nikamwonyesha punda wa mkokoteni wa maji aliyesimama ng'ambo, amekenua meno yote. Naye anachekeshwa na mitungi? Taya la pomboo limeumbwa likapinda hivyo. Akiugua limepinda, akifa limepinda. Ukitaka kujua ana hali gani, achana na uso wake, tazama anachofanya.

Baharini pomboo hutembea na kundi lake makumi ya kilomita kwa siku, kama mtu aliyetoka hapa Kawangware kwenda mjini na kurudi mara mbili, na bado ana safari. Hupiga vilio vidogo vya haraka, tik-tik-tik, mwangwi unaporudi umeshamwambia samaki yuko wapi, hata akiwa amejifukia mchangani. Akilala, nusu ya ubongo hulala na nusu hukesha, maana lazima apande juu avute hewa. Hapo watoto walinyamaza. Mmoja alijaribu kufumba jicho moja alale, akashindwa.

Sasa mtie huyo ndani ya bwawa la saruji. Mnakijua chumba cha kumi kwa kumi. Nyinyi angalau mkichoka nacho mnatoka mkacheze nje. Yeye tik-tik-tik yake inagonga ukuta, na ukuta ni uleule wa jana. Wengine huanza kuogelea duara moja, upande mmoja, tena na tena. Wengine huelea tu juu ya maji, hawafanyi lolote. Wako wanaotafuna kuta na malango hadi meno yakaisha. Wakigombana, mnyonge baharini angekwenda zake. Bwawani aende wapi? Siwezi kusema ni wote, na mabwawa hayalingani. Mengine yana madaktari wazuri na chakula cha kutosha. Ule mruko mnaoupigia makofi una siri yake: mwalimu hupiga filimbi, kisha samaki anaingia mdomoni.

"Walimtoa wapi?"

Huyo wa kwenye simu sijui. Wengine huzaliwa humohumo mabwawani. Lakini mwaka 2007 pomboo 28 waliovuliwa Visiwa vya Solomon, mbali kabisa katika Bahari ya Pasifiki, walipakiwa kwenye ndege wakapelekwa Dubai, kwenye hoteli ya Atlantis. Pomboo ndani ya ndege! Mimi mwenyewe sijapanda.

Msichana alikuwa ameanza kununa, nikamtuliza. Mamako hakukosea, alitaka ucheke naye ukiwa mbali. Na wala msidhani bahari peke yake yatosha. Kule Kizimkazi, Unguja, wavuvi waliwaua pomboo, nyama ikawa chambo cha papa. Miaka ya 1990 watalii wakaanza kulipa kuwaona, uwindaji ukakoma 1996. Nikashukuru. Baadaye watafiti wakakuta boti zikiwasonga na waogeleaji wakiwarukia, pomboo hupumzika kidogo kuliko kawaida, wanahangaika kuhama tu. Hakuna ukuta hapo, na bado hawapumziki vya kutosha. Hata baharini kwetu, kule Kisite, nahodha mwenye adabu hupunguza mashine, akakaa mbali, akawaacha wenyewe waamue kusogea.

"Babu, anaitwaje?"

Nikamwambia wenye bwawa watakuwa wamempa jina la kutangazia. Lake mwenyewe ni mluzi. Pomboo hujitungia wake akiwa mdogo, na wenzake huuiga wakimwita.

Hiyo ndiyo iliyoniharibia jioni. Wote sita walianza kujitungia miluzi, kila mmoja wake, wakatawanyika vichochoroni wakiitana. Makanga wa 46 naye akapiga wake kuita abiria, na kutoka nyuma ya mabati sauti nyembamba ikamjibu.