Shujaa wa Wafanyakazi ni Nani?

Ndugu wafanyakazi, wengi wetu tukisikia neno "shujaa" tunamfikiria mtu wa bunduki, au kiongozi aliyechongewa sanamu mjini. Tutazame Mombasa, bandari inayopitisha mizigo yetu ya Uganda.

Tarehe 13 Januari 1947 makuli, watu wa reli, madobi na maboi wa nyumbani waligoma. Walizidi 15,000. Jina linalokumbukwa ni Chege Kibachia, aliyeongoza chama chao. Naye anastahili: Agosti mwaka ule serikali ya kikoloni ilimkamata, ikamweka kizuizini Kabarnet miaka kumi.

Lakini mtu mmoja hasimamishi bandari. Bandari ilisimama karibu wiki mbili kwa sababu maelfu wasiojulikana majina walikubaliana, wakashika neno lao hali nyumbani posho inakwisha. Baadaye mishahara iliongezwa. Hao nao ni mashujaa.

Basi katika kiwanda au shamba lako usingoje shujaa atoke nje. Jiulize: mwenzangu akifukuzwa kazi kwa uonevu, nami niliona, je, nitasimama kutoa ushahidi?