Matembezi katika Makambi ya Kale ya Kolwezi

Kolwezi haina bahari wala gati. Hata hivyo, mitaa yake ya kale iliyozunguka migodi inafanana mno na mitaa ya bandari: ilijazwa na wageni, ikaishi kwa zamu za kazi, na ikahitaji lugha ya kupatana. Shaba yenyewe ilikwenda pwani. Mwaka 1931 reli ya Tenke hadi Dilolo iliunganisha ukanda huu na bandari ya Lobito, Angola.

Mji ulianzishwa mwaka 1937 na Union Minière. Wafanyakazi walitoka Kasai, Luapula, na kwa Walunda na Wachokwe wa karibu. Aghalabu hawakuzaliwa na Kiswahili, lakini ndicho kilichotawala kambini, nacho kikabadilika humo: ‘mtoto’ akawa mutoto, wengi wakawa batoto, na mdogo akaitwa katoto, wingi tutoto. Aliye nyumbani yuko mu nyumba. Wapo wanaokiita Kiswahili kibovu, hukumu isiyo na mashiko katika isimu, kwani viambishi hivyo vina kanuni zake na vinafahamika vyema katika lugha jirani za Kibantu.

Kiswahili hiki kilibeba pia fikra. Mwaka 1953 Padri Placide Tempels alipelekwa katika makambi ya Kolwezi, na humo likakua kundi la Jamaa, la wafanyakazi wa migodi na wake zao. Mafundisho yake yalisimama juu ya maneno matatu: uzima, uzazi na mapendo. Johannes Fabian aliyatafiti katika miaka ya 1960 na kuchapisha kitabu chake mwaka 1971. Ni ajabu kwamba wanafunzi wengi wa Kiswahili huyasikia kwanza kupitia anthropolojia.

Katika mtaa uitwao Cité Gécamines, kwa jina la kampuni ya taifa iliyorithi mali ya Union Minière, mpita njia huona barabara zilizonyooka na nyumba zilizojengwa kwa ajili ya wafanyakazi, zenye maji ya bomba na umeme. Sasa shimo la mgodi wa COMMUS limeufikia mtaa. Ripoti ya Amnesty International ya Septemba 2023 ilieleza jinsi wakazi wanavyoondolewa ili mgodi upanuliwe.

Kasulo nako kulipatwa na jambo la aina hiyo kwa njia nyingine. Mwaka 2014 mkazi mmoja alipokuwa akichimba uwanjani kwake alikuta mawe yenye kobalti. Majirani wakafuata, hata wakachimba chini ya sakafu za nyumba. Mwaka 2017 sehemu ya mtaa ilizungushiwa ukuta, na mamia ya kaya zikahamishwa.

Fidia hupimwa kwa vyumba na viwanja. Ujirani uliolea usemi huu kwa vizazi vitatu haumo katika hesabu hiyo, na wazee wake wametawanyika. Mtafiti anayetaka kuwarekodi hana budi kuanza kwa kuuliza wamehamia wapi.