Mfunguzi: Kazi ya Kuuzeesha Mpira

Mechi ya Testi, aina ndefu kuliko zote za kriketi, huchukua hadi siku 5, na kila timu hupata zamu 2 za kupiga. Wapigaji 2 wanaotangulia kuingia uwanjani ndio wafunguzi. Mpigaji wa namba 5 anaweza kuingia wakati warushaji wamechoka na mpira umechakaa. Mfunguzi hana bahati hiyo: hukuta mpira mpya, warushaji wa kasi wenye nguvu zao zote, na uwanja ambao tabia yake siku hiyo bado haijajulikana.

Mpira wenyewe ndio unaoeleza mengi. Ni wa ngozi nyekundu iliyong'arishwa, una uzito wa gramu 156 hadi 163, na umezungukwa katikati na mshono ulioinuka. Ukiwa mpya ni mgumu, hivyo hudunda juu na kwa haraka. Mng'ao na mshono huufanya uyumbe hewani. Mshono ukigusa ardhi, mpira unaweza kuchepuka upande wowote, na mara nyingine hata aliyeurusha hajui utaelekea wapi. Kwa kasi ya kilomita 140 kwa saa, humfikia mpigaji kabla nusu sekunde haijatimia. Kadiri ova zinavyopita, kila ova ikiwa na mirusho 6, mng'ao hufifia, mshono hulala na ngozi hulainika. Mipira ya Dukes inayotumika Uingereza ina mshono uliosimama zaidi na huyumba kwa muda mrefu kuliko ile ya Kookaburra inayotumika Australia, ndiyo maana kufungua zamu Uingereza huogopwa hata na wazoefu. Zikitimia ova 80, nahodha wa timu inayorusha ana haki ya kudai mpira mwingine mpya, na mfunguzi aliyebaki hadi hapo huanza shida zake upya.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ya mfunguzi ni kuuzeesha mpira. Aliyepata mikimbio, yaani pointi za kriketi, 25 kwa saa mbili huenda ameisaidia timu kuliko aliyepata 40 ya haraka kisha akatolewa, maana wanaomfuata huyo wa kwanza wataukuta mpira uliopoa. Jedwali la matokeo halioneshi jambo hilo, na ni upungufu mkubwa wa jedwali.

Ustadi unaohitajika hapo ni wa ajabu kidogo kwa mtu anayeitwa mpigaji: kujua mpira wa kuacha. Vijiti 3 vya wiketi, ambavyo mpigaji huvilinda, vina upana wa sentimita 23 tu kwa jumla. Mrushaji mjanja hulenga nje kidogo ya kijiti cha mbali na miguu ya mpigaji, akitumaini kwamba gongo litaguswa ukingoni na mpira udakwe na mlinda wiketi au wadakaji waliojipanga kando yake. Mfunguzi mzuri anakijua kijiti hicho kilipo bila kugeuka kukitazama. Kichwa chake hutulia, macho hufuata mpira tangu mkononi mwa mrushaji, na gongo huchelewa kushuka, karibu na mwili. Anapolishika kwa mikono iliyolegea, mpira uliogusa ukingo huanguka chini kabla ya kuwafikia wadakaji. Lakini kuacha kuna hatari yake. Aliyeacha bila kujaribu kupiga, kisha mpira ukamgonga mguuni ukiwa njiani kuelekea kwenye vijiti, hutolewa hata kama umemgonga nje ya mstari wa kijiti hicho. Angejaribu kupiga, sheria ingemlinda.

Baada ya hapo ni subira. Januari 1958, mjini Bridgetown, Barbados, West Indies walifunga zamu yao kwa hiari wakiwa na mikimbio 579. Pakistan wakatolewa wote kwa 106 na kulazimishwa kupiga tena papo hapo, wakiwa nyuma kwa 473. Hanif Mohammad, mfunguzi mfupi wa umri wa miaka 23, alikaa uwanjani dakika 970, yaani zaidi ya saa 16, akapata mikimbio 337. Mechi iliisha bila mshindi. Alastair Cook wa Uingereza hakuwa na mapigo mengi ya kupendeza macho, lakini aliyajua machache yake na hakushawishika kutumia mengine. Alistaafu kucheza Testi mwaka 2018 akiwa na mikimbio 12,472.

Wafunguzi pia huhesabiwa wawili wawili. Jack Hobbs na Herbert Sutcliffe wa Uingereza walifungua pamoja mara 38 katika Testi, wakavuka mikimbio 100 kabla ya kutenganishwa mara 15, kwa wastani wa karibu 88. Walisifiwa kwa kuiba mikimbio mifupi, jambo lisilowezekana bila kuaminiana. Mwaka 1926 katika uwanja wa The Oval, London, mvua ilinyesha usiku na ardhi ikawa ya hila ilipoanza kukauka. Hapo ndipo walipofikisha mikimbio 172 pamoja, na Uingereza ikaifunga Australia na kutwaa tena kombe la Ashes.

Mwili nao unadaiwa. Mfunguzi aliyesimama uwanjani siku nzima akidaka hupewa dakika 10 tu za kuvaa kinga na kurudi kupiga. Nahodha wa upande wa pili hulijua hilo, na mara kwa mara hufunga zamu yake jioni ili wafunguzi wakabili ova chache za mwisho wakiwa wamechoka.

Kanuni zote hizo zilivunjwa na Virender Sehwag wa India, ambaye miguu yake ilisogea kidogo na gongo lake halikupenda kuacha. Alipata 309 dhidi ya Pakistan mjini Multan mwaka 2004 na 319 dhidi ya Afrika Kusini mjini Chennai mwaka 2008. Alikuwa na macho na mikono ambayo mazoezi hayatoi. Hata hivyo, katika nchi ambako mpira huyumba zaidi, kama Uingereza na New Zealand, wastani wake haukufika 30. Wateuzi wanaotafuta Sehwag mwingine miongoni mwa vijana waliokulia katika mechi za ova 20, wanaotumia mpira mweupe usioyumba kwa muda mrefu, kwa kawaida hupata wapigaji hodari wanaotoka mapema asubuhi.