Kushiriki miradi ya jamii na afya

Kushiriki miradi ya jamii ni kuchangia nguvu, muda au mali katika kazi ya manufaa ya wote, kama kuchimba kisima au kujenga zahanati. Nchini Tanzania kazi za namna hiyo huitwa pia msaragambo. Huathiri afya kwa njia mbili: kwa kile kinachojengwa, na kwa kule kufanya kazi pamoja na wengine.

Njia ya kwanza inaeleweka vizuri katika mazingira kama ya Wampembe, kata ya Wilaya ya Nkasi, Mkoa wa Rukwa, iliyoko kando ya Ziwa Tanganyika, chini ya nyanda za juu za Ufipa. Mwambaoni ziwa ni mahali pa kuvua, kuoga, kufua na kuteka maji. Familia moja ikichimba choo huku majirani wakiendelea kwenda vichakani, mvua husomba vimelea vya kuhara na kipindupindu hadi kwenye maji ya wote. Kichocho nacho huenea kwa kinyesi kinachofika majini. Hivyo choo cha nyumba moja hakitoshi kuilinda hata nyumba hiyo yenyewe.

Mfano mkubwa wa Tanzania ni kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati Ufipa ilikuwa bado sehemu ya Mkoa wa Mbeya. Watu wapatao milioni 2 walikutana katika vikundi, wakasikiliza vipindi vya redio, wakasoma vijitabu, kisha wakaamua la kufanya kijijini kwao. Mamia ya maelfu ya vyoo yalichimbwa. Kikundi hakikuishia kusikiliza tu, na hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake.

Njia ya pili ni ngumu zaidi kupima. Uchambuzi wa tafiti 148 uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watu wenye uhusiano imara na wenzao walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa takriban asilimia 50, wa kuendelea kuishi katika muda wa utafiti. Hata hivyo mgonjwa hashiki jembe; pengine baadhi ya washiriki wana afya njema tangu mwanzo.

Faida hupungua kazi inapokuwa ya kulazimishwa au inapomwelemea mtu mmoja. Wavuvi wa dagaa hufanya kazi usiku kwa taa, hasa siku za giza, na hupumzika mwezi unapong'aa. Msaragambo ukiitishwa asubuhi katika siku za giza, wanaume wengi huwa ndiyo kwanza wametoka ziwani. Wanaobaki kubeba mawe na mchanga ni wanawake, ambao siku hizohizo wana dagaa wa kuanika, maji ya kuteka na watoto wa kulisha. Mkutano wa kijiji unaopanga kazi kwa siku za mbalamwezi huwapunguzia mzigo huo.