Ukianguka na chukudu: pole kwanza, kicheko baadaye

Kila mtu wa Goma anaijua ile sauti: mbao inagonga mawe, chu-ku-du, chu-ku-du, hata kabla hujaona mtu. Wengi wanasema jina la chukudu lilitoka ku ile sauti yenyewe. Basi utani ulianza zamani: chombo cha kazi kimepewa jina la makelele yake.

Na kazi yenyewe si mchezo. Chukudu ni mbao ya mkaratusi, magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi nzee, na usukani. Breki ni kipande cha mpira nyuma, unakikanyaga kwa mguu. Kupanda, unasukuma. Kuteremka kutoka Kibumba na magunia ya makala ao viazi, uzito unakusukuma wewe. Hapa mjini tunaishi juu ya mawe ya volkano. Lava ya Nyiragongo ya Januari 2002 ilipita katikati ya mji mpaka ku ziwa. Jiwe moja tu linatosha kukulaza chini.

Ndugu msikilizaji, angalia sasa kinachofuata mtu akianguka. Wenzake wanasimamisha vyombo vyao. Mmoja anamwinua, mwingine anakimbilia magunia, maana ule mzigo una mwenyewe na pesa yake inahesabiwa. "Pole, kaka." Wakisha kuona anatembea, ndipo mdomo unafunguka. Kama makala imemwagika: "Leo umefungua soko hapa?" Kama alilala kifudifudi: "Barabara umeipima, iko mita ngapi?" Naye akiwa mjanja anajibu: "Njoo upime ya kwako!" Wote wanacheka, wanafunga kamba, safari inaendelea.

Si chukudu peke yake. Watu wa pikipiki Afrika Mashariki yote wako na ulimi huo huo. Tanzania, abiria wakipangwa wawili watatu nyuma ya dereva, wanaitwa mshikaki, kama nyama ku kijiti. Kwetu Kongo, muuza mafuta ya chupa kando ya barabara anaitwa Kadhafi, kwa jina la yule kiongozi wa zamani wa Libya, inchi ya petroli. Mtu anacheka, lakini hatari ameiona.

Ndiyo maana ile mizaha ina faida. Kijana aliyechekwa juu ya breki iliyoisha, kesho yake anatafuta kipande kipya cha mpira. Hakuna aliyemhubiria. Na aliyeanguka anasikia kwamba hajafukuzwa ku kazi: kila anayemcheka amekwisha kuanguka pia.

Lakini kuna mipaka. Abiria akiumia, hakuna kicheko. Mtoto akigongwa, hakuna kicheko. Kijana haanzi kumtania mzee. Anangoja mzee ajicheke mwenyewe kwanza.

Kuna pia hatari moja ambayo kicheko kinaificha. Mtu akiona haya, anaruka haraka, anasema "niko sawa", anapanda tena, kumbe aligonga kichwa. Maumivu ya kichwa ya ndani hayaonekani palepale. Yanaweza kuja nyuma ya masaa: kichwa kinazidi kuuma, anatapika, anasinzia isivyo kawaida, maneno yanachanganyika. Huyo apelekwe hospitali mara moja, hata kama asubuhi alikuwa anacheka na wenzake. Na asiachwe alale peke yake ule usiku wa kwanza. Mtu wa nyumba amwangalie.

Kwa hiyo, mwenzako akianguka, muulize mambo matatu mbele ya utani: umegonga kichwa? Unajua uko wapi? Unaweza kusimama bila kizunguzungu? Akijibu vizuri, basi, muulize bei ya soko lake jipya.

Na wewe unayepita kwa miguu, acha simu ndani ya mfuko. Sema pole, okota viazi viwili vitatu. Kumcheka, waachie wenzake. Wao ndio wenye haki hiyo.