Kabla ya Kuvuka Mpaka wa Milimani kwa Pikipiki

Barabara itokayo Kabale kwenda Kisoro, kusini-magharibi mwa Uganda, hupanda hadi kimo cha zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha huteremka kwa kona nyingi kuelekea volkano ya Muhabura. Mlima huo una kimo cha mita 4,127, na mpaka wa Uganda na Rwanda hupita juu yake. Msafiri wa pikipiki huvukia mpaka huo chini ya mlima, katika kituo cha Cyanika.

Kona na ukungu huonekana kwa macho. Mahali bima yako inapokoma hapaonekani, na wengi hupatambua siku ya ajali. Kwa sababu hiyo tunakushauri uanze maandalizi yako kwa hati, kisha ndipo uangalie breki na matairi.

Bima yako inafika wapi?

Bima ya lazima ya pikipiki hukatwa kwa mujibu wa sheria ya nchi ilikonunuliwa. Usidhani kwamba inavuka mpaka pamoja nawe. Kenya, Uganda, Tanzania na Rwanda zimo katika mpango wa Kadi ya Njano ya COMESA, ambao hurefusha bima ya mtu wa tatu hadi nchi nyingine zilizomo. Iombe kadi hiyo kwa kampuni iliyokukatia bima kabla ya kuondoka. Ukiipokea, soma namba ya usajili, tarehe ya kuanza na ya kwisha, na nchi ambamo inatumika. Kosa la tarakimu moja laweza kuzua mgogoro wakati wa madai.

Elewa pia kile ambacho kadi hii haifanyi. Kazi yake kuu ni kumlinda yule uliyemdhuru. Haifidii pikipiki yako ikivunjika au ikiibwa. Kuhusu matibabu yako na ya abiria wako, muulize mwenye bima kwa maandishi kiwango kinacholipwa na utaratibu wa kudai.

Tuchukue mfano. Mkazi wa Mbarara anasafiri kwa pikipiki aliyoinunua kwa mkopo, naye anamgonga mwendesha baiskeli karibu na Musanze. Akiwa na kadi halali, madai ya majeruhi hushughulikiwa kupitia mpango huo. Asipokuwa nayo, gharama zaweza kumwangukia mwenyewe. Katika hali zote mbili, pikipiki yake iliyopondeka ataitengeneza kwa fedha zake, isipokuwa kama alikata bima kubwa inayotumika nje ya nchi. Na marejesho ya mkopo yataendelea kudaiwa kila mwezi.

Pikipiki isiyo yako

Ukikodi, hakikisha mkataba unataja waziwazi ruhusa ya kuvuka mpaka, na nani atalipa gharama za kuirejesha pikipiki ikiharibika ng'ambo. Ahadi ya mdomo haitoshi. Ukiazima, beba barua ya idhini yenye saini ya mwenye pikipiki pamoja na nakala ya kadi ya usajili. Kama pikipiki ni ya mkopo, soma mkataba kwanza: baadhi ya wakopeshaji hukataza chombo kutolewa nje ya nchi, na kuvunja sharti hilo kwaweza kukupotezea pikipiki ambayo umekwisha kuilipia kwa sehemu kubwa.

Mpakani utapewa pia kibali cha muda cha kuingiza chombo. Hifadhi karatasi hiyo na uangalie tarehe ya mwisho, kwani kuipitisha huleta faini.

Yanayobadilika ukivuka

Uganda huendesha kushoto. Rwanda huendesha kulia. Hatari haiko pale kituoni, ambapo kila mtu yuko macho. Iko baadaye, unapotoka kituo cha mafuta au unapoondoka asubuhi ya pili barabara ikiwa tupu, na mazoea yakakurudisha upande wa zamani.

Saa nazo hutofautiana: saa za Rwanda ziko nyuma kwa saa moja. Ukiondoka Cyanika saa kumi na moja jioni kwa saa za Rwanda, upande wa Uganda tayari ni saa kumi na mbili, na giza li karibu. Panga kuvuka mapema, na uulize saa za kituo kabla ya safari.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Rwanda tangu 2008. Usifunge mizigo yako kwa mifuko hiyo ili kuikinga na mvua. Itachukuliwa mpakani, na nguo zako zitabaki bila kinga. Tumia turubai au begi lisilopenya maji.

Mwili na mashine

Kadiri unavyopanda, hewa huwa nyepesi. Pikipiki yenye kabureta hupoteza sehemu ya nguvu zake, na iliyopakia abiria na mzigo huweza kushindwa mlima. Punguza mzigo. Unapoteremka, tumia gia ndogo ili injini ikusaidie kupunguza mwendo, maana breki zikishikwa mfululizo hupata moto na kulegea. Vaa glavu na koti la kuzuia upepo, kwa kuwa vidole vilivyokufa ganzi hukawia kushika breki.

Likitokea tatizo

Toa taarifa polisi, piga picha, andika namba za vyombo vyote, na umjulishe mwenye bima mara moja. Usisaini karatasi iliyoandikwa kwa lugha usiyoielewa kabla ya kupata mfasiri. Kampuni ikikataa dai lako, iombe sababu kwa maandishi. Barua hiyo ndiyo utakayoipeleka kwa msimamizi wa bima wa nchi ulikoikata, akusikilize.