Baba anatembea, lakini kwa sekunde ngapi?

Siku mgonjwa wa kiharusi anapofika chooni bila kushikwa mkono, nyumba nzima hufurahi. Simu hupigwa kwa shangazi na wajomba: “Sasa anatembea.” Mara nyingi neno hilo ndilo linalokatisha safari za kliniki. Nauli imeshakuwa mzigo, kazi za watu zimesimama, na familia inaona yaliyobaki yatakuja yenyewe.

Wataalamu wa fiziotherapia hawaishii hapo. Wao huuliza anatembea kwa kasi gani, na vifaa vyao ni saa ya kuhesabu sekunde na mita 10 za sakafu iliyonyooka. Mgonjwa huanza mita mbili hivi kabla ya alama ya kwanza ili akiifikia awe ameshachanganya mwendo, kisha hupita alama ya mwisho bila kusimama. Hutembea mwendo wake wa kawaida, si mashindano, na kama anatumia fimbo huwa nayo. Baada ya hapo, mita 10 hugawanywa kwa sekunde alizotumia.

Mwaka 1995, daktari wa mifupa wa Marekani, Jacquelin Perry, na wenzake walionyesha namba hiyo ina maana gani katika maisha ya mgonjwa. Aliye chini ya mita 0.4 kwa sekunde, yaani anayetumia zaidi ya sekunde 25, kwa kawaida mizunguko yake huishia nyumbani. Kati ya 0.4 na 0.8 hutoka nje, ila kwa mipaka. Anayevuka 0.8, yaani chini ya sekunde 12 na nusu, anaweza kuzunguka mtaani kwa uhuru zaidi.

Chukua barabara yenye upana wa mita 7. Mwenye kasi ya 0.4 ataivuka kwa zaidi ya sekunde 17, mwenye 0.8, chini ya 9. Bodaboda hazisubiri sekunde 17. Wanaomhimiza mzee ajitokezetokeze hadi dukani wangefanya vema kujua kwanza yuko kundi gani.

Maendeleo yenyewe huja kidogo kidogo. Utafiti wa mwaka 2010 kwa wagonjwa walio katika miezi miwili ya kwanza ulionyesha kuwa ongezeko la mita 0.16 kwa sekunde linaambatana na nafuu ya kweli katika kujitegemea. Ni kama kutoka sekunde 25 hadi takribani 18. Anayeishi na mgonjwa kila siku anaweza asilione kabisa, na hapo ndipo watu hukata tamaa wakati mguu unarudi.

Familia iliyoelekezwa na mtaalamu inaweza kupima nyumbani kwa futi ya fundi, chaki na simu. Umbali, viatu na fimbo viwe vilevile kila mara. Ndala ziwekwe kando. Msaidizi atembee upande wenye udhaifu, nyuma kidogo, bila kumvuta wala kumwongoza mwendo. Sekunde ziandikwe kwenye daftari la kliniki. Asiyeweza kusimama bila kushikiliwa asipimwe nyumbani.

Kasi pekee haitoshi, maana mtu anaweza kwenda haraka huku akiburuta mguu na kujikwaa. Ndiyo maana kliniki hupima pia kuinuka kitini, kwenda mita 3, kugeuka na kurudi kukaa, na umbali anaoumudu kwa dakika sita.

Kwa wanaodhani miezi ikipita mguu umeshaganda, kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011, uliohusisha wagonjwa 408. Wengine walifanyishwa mazoezi kwenye mashine ya kutembelea wakiwa wamefungwa mikanda, wengine walifuatwa nyumbani na mtaalamu kwa mazoezi ya nguvu na mizani. Baada ya mwaka mmoja, asilimia 52 ya wote walikuwa wamepanda kiwango cha kutembea. Mashine haikuwashinda wa nyumbani, na hata walioianza mwezi wa sita walifika pale pale.

Sekunde zikipanda taratibu wiki hadi wiki, mweleze mtaalamu. Mwendo ukibadilika ghafla, uso ukapinda, mkono ukalegea au ulimi ukawa mzito, acha kupima na umwahishe hospitali saa ileile.